Je, wajua kwa nini pangaboi huchoka? Ipime kapasita kwanza

Ilikuwa Januari, saa tisa alasiri, Mbagala, chumba cha bati kisichokuwa na dari. Mama jirani yetu aliniita nimtazamie pangaboi lake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hebu liangalie hili. Siku hizi mpaka nilisukume na mpini wa fagio ndipo lizunguke, na likizunguka halina upepo."

Alikuwa ameshaambiwa kwamba mota imeungua: ama isukwe upya, ama anunue pangaboi jingine. Nilizima meni suichi, nikapanda juu ya stuli na kushusha kile kikombe cha plastiki kinachoficha nyaya kule juu. Ndani yake nikatoa kidude cheusi, mfano wa kiberiti, chenye nyaya mbili. Ubavuni kimeandikwa 2.5 µF, yaani mikrofaradi, kipimo cha uwezo wa kubeba chaji, na 450 VAC, yaani volti za umeme unaogeuka. Mita yangu ya kupimia vifaa vya umeme ikasoma 1.31. Mota haikuwa na kosa lolote.

Kidude hicho ndicho kapasita. Kazi yake kwenye pangaboi ni kupishanisha umeme. Umeme wa majumbani kwetu ni wa volti 230 na hugeuka kwenda na kurudi mara 50 kwa sekunde. Mota ya pangaboi ina koili mbili. Zikipata mkondo kwa wakati mmoja, sumaku zake zinavutana mbele na nyuma tu, na mota inanguruma palepale ilipo. Kapasita imeungwa kwenye koili ya pili ili mkondo wa hapo utangulie ule wa koili ya kwanza, na sumaku zinapopokezana namna hiyo ndipo mzunguko unapatikana. Ndiyo maana pangaboi ambalo kapasita yake imekufa kabisa ukilisukuma kwa mkono litaondoka, tena kwa upande uleule uliolisukumia.

Sasa kwa nini inachoka polepole badala ya kufa siku moja? Hapa ndipo mimi hupapenda. Ndani ya kile kiboksi kuna utepe wa plastiki wenye unene wa mikromita chache tu, uliopakwa tabaka jembamba mno la metali na kuviringwa kama mkeka. Volti ikiruka ghafla, kwa mfano umeme unaporudi baada ya kukatika, plastiki inaweza kutoboka mahali. Metali iliyozunguka tundu huungua na kugeuka mvuke papo hapo, tundu likabaki limetengwa, kapasita ikaendelea na kazi. Imejiponya, lakini imepoteza kipande kidogo cha eneo lake. Matundu yakizidi mwaka hadi mwaka, 2.5 inakuwa 2.1, kisha 1.7, na wewe unaona tu kwamba pangaboi la mwaka huu halina nguvu ya mwaka jana.

Kuipima ni kazi ya dakika mbili ukiwa na mita yenye sehemu ya kapasita. Mita ndogo za njano aina ya DT830 hazina sehemu hiyo. Tafuta mita yenye herufi F, au alama ya vistari viwili vilivyosimama sambamba. Toa kapasita kwenye nyaya zake zote. Gusanisha miguu yake kwa bisibisi yenye mpini wa plastiki ili chaji iliyobaki iishe, kwa sababu itakurusha wewe na pia inaweza kuiua mita. Weka selekta, kile kitufe cha kuzungusha, kwenye mikrofaradi 20, gusisha nyaya za mita, na vidole vyako visiguse chuma. Kapasita za pangaboi kwa kawaida huruhusiwa kupungua au kuzidi kwa asilimia 5, kwa hiyo ya 2.5 isome kati ya 2.37 na 2.63. Ikisoma chini ya 2, badilisha bila kusita.

Hizo ndizo rahisi. Kapasita za ndani ya televisheni, subwoofa na adapta za ving'amuzi ni za aina nyingine: vikopo vya aluminiamu vyenye karatasi iliyoloweshwa kimiminika. Zina upande wa chanya na wa hasi, na ule mstari uliochorwa ubavuni huonyesha mguu wa hasi. Kimiminika kikichemka hutoa gesi, kikopo kikavimba. Kule juu kimekatwa alama ya msalaba au ya herufi K kwa makusudi, ili kipasukie hapo taratibu badala ya kulipuka. Kwa hiyo kabla ya mita, tumia macho. Kichwa cha kapasita nzima ni bapa kama sarafu. Kikiinuka hata kidogo, au ukiona uchafu wa kahawia chini yake, hukumu imeshatoka.

Lakini hapa niseme jambo la hatari. Kwenye bodi ya pawa ya televisheni kuna kapasita moja kubwa ya volti 400 au 450. Umeme wa volti 230 ukishageuzwa kuwa wa moja kwa moja, kapasita hiyo hujaa mpaka volti 325 hivi, na inaweza kubaki na chaji hata baada ya kuchomoa plagi. Usiipige shoti kwa bisibisi, cheche yake inayeyusha chuma. Chukua balbu ya zamani ya waya, ya volti 230, iguse kwenye miguu yake miwili kwa nyaya zilizofunikwa vizuri, kisha thibitisha kwa mita kwenye volti za DC, yaani za umeme wa moja kwa moja, kwamba imeshuka karibu na sifuri. Mimi hupima mara mbili.

Mita nyingi za bei nafuu zinaishia mikrofaradi 200 au chini ya hapo, na kapasita ya adapta huweza kuwa ya 1000. Tumia basi sehemu ya omu, ile ya kupimia upinzani. Betri ya mita huichaji kapasita taratibu, nawe unaona namba zikianzia chini, zikipanda, mpaka mita iandike OL au 1, yaani kipimo kimepitiliza. Hiyo inapokea chaji. Ikikwama kwenye sifuri, imepiga shoti. Ikipanda kisha ikaganda kwenye namba bila kumaliza, inavuja. Ikiandika OL papo hapo bila safari yoyote, imekauka au mguu umekatika ndani. Na ukitumia sehemu ya mlio, ile ya kupimia kama waya haujakatika, kapasita kubwa italia "piii" fupi halafu ikanyamaza. Huko ni kujichaji tu. Nimeona vijana wakitupa kapasita nzima kwa sababu ya mlio huo.

Vipimo hivi vyote vifanye mguu mmoja ukiwa umenyanyuliwa kutoka kwenye bodi kwa pasi ya kulehemu. Ikiwa bado imeungwa, mita inasoma na rizista, koili na kapasita nyingine zilizo njia moja nayo, na jibu unalopata ni la ukoo mzima.

Bado kuna ugonjwa ambao mita ya kawaida haiuoni. Kimiminika kikianza kukauka, upinzani wa ndani ya kapasita hupanda hata kabla uwezo wake haujashuka sana. Mita inapima polepole, kwa hiyo inasoma 940 kwenye kapasita ya 1000, na hizo zinaruhusiwa kukosea kwa asilimia 20, nawe unasema nzima. Kwenye bodi, umeme unapita humo makumi ya maelfu ya mara kwa sekunde, na upinzani ule unaukaba. Dalili yake ninaijua kwa moyo: televisheni asubuhi inawaka taa ndogo tu, inajaribu, inazima, inajaribu tena, na baada ya robo saa inawaka kama haijawahi kuumwa. Kapasita ikipata joto, upinzani wake hushuka. Puliza hewa ya moto ya mashine ya kukaushia nywele kwenye kapasita za bodi ikiwa imechomolewa, kisha washa. Ikiwaka mara moja, umempata mgonjwa. Fundi mwenye mita maalumu ya kupima upinzani huo atakuonyesha ni ipi hasa; asiye nayo hubadilisha zote za upande wa kutolea umeme, na hakosei sana.

Joto hilohilo ndilo linaloziua. Kapasita iliyoandikwa 105°C mara nyingi hukadiriwa saa 2,000 kwenye joto hilo, na kila nyuzi 10 zinazopungua huongeza umri wake takriban mara mbili. Ikifanya kazi kwenye nyuzi 65 inafikia saa 32,000, zaidi kidogo ya miaka mitatu na nusu ya kuwaka mfululizo. Ibandike televisheni ukutani bila nafasi ya hewa, kwenye chumba cha Februari, joto la ndani lipande hadi 75, na nusu ya umri huo imekwenda.

Kununua nako kuna mambo yake. Volti ziwe zilezile au zaidi, kamwe zisipungue. Kwenye pangaboi usiongeze mikrofaradi ukidhani litakimbia zaidi, utaichemsha koili. Wala usiweke ya kikopo mahali pa ile nyeusi, maana haivumilii umeme unaogeuka. Na mita nenda nayo. Ile ya mama niliinunua Kariakoo, nikaipimia palepale kaunta: mpya kabisa, imeandikwa 2.5, ikasoma 1.92. Muuzaji alitazama kioo cha mita, akairudisha kwenye boksi, akatoa ya pili. 2.48. Nikalipa.