Mwenye nafsi zaidi ya moja si muuaji wa sinema

Juzi kwenye matatu ya Rongai, skrini ilionyesha mtu akibadilika sauti, macho yakamtoka, kisha akaua. Abiria mmoja akasema, "Hiyo ni skizofrenia." Hapana. Jina hilo, alilolitunga daktari Mswisi Eugen Bleuler mwaka 1908, lina maana ya akili iliyopasuka, na ndilo linalotuchanganya. Mgonjwa wa skizofrenia husikia sauti zisizokuwepo au huamini yasiyo kweli. Nafsi yake ni moja.

Ule wa sinema ni ugonjwa mwingine. Mwaka 1994 madaktari wa akili wa Marekani waliacha kuuita "nafsi nyingi", wakauita ugonjwa wa nafsi iliyogawanyika (kwa Kiingereza, dissociative identity disorder), maana humo hamna watu kumi ndani ya mwili mmoja. Ni mtu mmoja ambaye nafsi yake haikupata kuungana, mara nyingi kwa sababu aliteswa tena na tena akiwa mdogo. Mtoto asiye na pa kukimbilia hujitenga na maumivu, kana kwamba yanampata mwingine.

Kwa nje huenda usione kitu. Yeye hupoteza saa nzima asizikumbuke, na wengi huficha kwa aibu. Anayehatarika zaidi ni yeye mwenyewe: kujidhuru na kujaribu kujiua ni jambo la kawaida. Tiba kuu ni mazungumzo ya miaka na mtaalamu anayemwamini.