Acheni Kuniuliza Kama Bado Ni Kisu Changu

Wiki iliyopita nimeulizwa tena lile swali tunaloulizwa sisi wahunzi: kisu ulichokifua, kikishabadilishwa mpini au umbo, bado ni chako, yaani kazi ya mkono wako? Safari hii nimeona niandike, maana kulijibu kwa mdomo nimechoka.

Mteja wangu wa Feri, soko la samaki la Dar, mkata samaki, alikuja na kisu nilichomfulia miaka sita iliyopita kutoka springi ya Land Cruiser. Mpini wangu wa mpingo ulishapasuka, akaweka wa mninga. Ncha ilivunjika akipasua kichwa cha kolekole, akachonga nyingine, na kisu kikapungua vidole viwili. Kisigino, yaani makali ya karibu na mpini, amekila kwa tupa ili kidole kipate pa kukaa. Muhuri wangu kwenye bapa umefutika nusu, ukiusoma lazima uwe unaujua. Alitaka nimkazie nolea tu, ile pete ya chuma inayobana mpini. Kijana mmoja mpenzi wa visu aliyekuwa amekaa kwenye benchi langu akakichukua, akakigeuza, akasema: "Mzee, hiki si chako tena. Hiki kimeshakuwa kisu kingine."

Jioni ileile akaja mpishi wa hoteli na kisu nilichofua mwaka huohuo, kutoka springi ileile, jani la pili yake. Mpini uleule wa mpingo. Nolea ya shaba inang'aa. Muhuri unasomeka kama nimeugonga jana. Malalamiko yake: hakikai na makali, ukikinoa leo, kesho kutwa kinateleza juu ya nyanya. Kijana wangu akakishika kwa heshima. "Hiki sasa ndicho chenyewe, mzee. Orijino."

Mambo ni kinyume kabisa. Kisu cha Feri ni changu. Cha hoteli kimekufa, na aliyekiua ni mnoaji mwenye mota ya jiwe kavu. Hakuhitaji zaidi ya dakika mbili.

Tumalize la mpini kwanza, kwa sababu halistahili muda. Waliosema shoka lisilo mpini halichanji kuni walisema kweli, lakini hawakusema mpini ndio shoka. Mpini ni kitu cha kuchakaa. Unashika maji, unashika chumvi, unashika mafuta ya mkono, siku moja unapasuka. Visu vya jadi vya Kijapani hutengenezwa kwa kuzingatia hilo: msuka, ile sehemu ya chuma inayoingia ndani ya mpini, hupashwa moto, huchomekwa kwenye mpini wa mti mwepesi, na mpini ukichoka hugongwa ukatoka, ukaingia mwingine. Hakuna anayelia. Ukibadilisha mpini wa kisu changu umekitunza, na nitakushukuru.

La muhuri nalo ni fupi. Muhuri unasema nani aligonga muhuri.

Sasa tuje kwenye moto, maana hapa ndipo watu wanaponikera, wakiwemo mafundi wenzangu wanaopaswa kujua.

Springi ya gari ina kaboni kama asilimia 0.6. Siku niliyoikata haikuwa kisu, na hata baada ya kuifua na kuinyoosha bapa bado haikuwa kisu, ilikuwa chuma chenye sura ya kisu. Unakipeleka motoni mpaka sumaku inakataa kukishika, karibu nyuzi 770, unaongeza kidogo, kisha unakizamisha kwenye mafuta yaliyopashwa. Kikitoka hapo ni kigumu kama kioo, na kama kioo kikianguka kwenye sakafu ya saruji utaokota vipande viwili. Kwa hiyo unakirudisha kwenye moto mdogo, nyuzi 200, saa nzima, kinapoa, saa nzima tena. Hapo kinakuwa kimekomaa: kina ugumu wa kushika makali na ulaini wa kutovunjika. Kazi hiyo haionekani. Ukiweka pamoja kisu kilichopitia moto sawasawa na kisu ambacho hakikupitia, vyote vimepigwa msasa, huwezi kuvitofautisha kwa macho. Mimi mwenyewe siwezi.

Kile nilichokipa kwa nyuzi 200 kinabaki mradi kisu kisipite nyuzi 200. Ni hapo tu. Maji ya moto hayafiki. Jua la Dar halifiki. Kinoo chenye maji hakifiki hata ukinoa kutwa. Lakini mota ya benchi inazunguka karibu mara 3,000 kwa dakika, na makali yana unene usiofika nusu milimita. Joto likiingia pale halina pa kukimbilia. Bapa ni baridi, mnoaji anakigusa kwa mkono anaona kiko sawa, na huku ukingoni chuma kinabadilika rangi kwa joto: kimeshapita rangi ya majani makavu, kimepita kahawia, kimefika zambarau. Kikifika buluu ni karibu nyuzi 300, na makali hayo yameanza safari ya kurudi kuwa springi.

Wanoaji wengi wanaijua ile buluu. Wanaiona. Wanachofanya ni kuipitishia msasa ikaondoka, kisha wanakukabidhi kisu kinachong'aa na unalipa. Rangi ile ni utando mwembamba juu ya chuma, inafutika kwa kitambaa kigumu. Ulaini ulio chini yake haufutiki. Mteja anaondoka na kisu kikali kwelikweli, maana hata chuma laini kinanoleka, kinanoleka hata upesi zaidi, na kesho kutwa makali yamelala upande. Kisha lawama zinanijia mimi: kisu cha fundi fulani ni feki. Nimelisikia hilo mara nyingi kuliko ninavyoweza kuvumilia, na kila mara nikipitisha tupa kwenye makali najua kilichotokea. Tupa juu ya chuma kilichokomaa inateleza kama imegusa kioo. Juu ya chuma kilichoungua inang'ata.

Na dawa yake ndiyo inayonifanya nilikatae wazo la "orijino" moja kwa moja. Kama ulaini umeingia milimita moja au mbili tu, unakinoa kwa mkono, juu ya jiwe lenye maji, taratibu, mpaka unakula sehemu yote iliyoungua na kufika kwenye chuma kizima. Kisu kinakuwa chembamba. Umbo linabadilika. Yaani ili kirudi kuwa kilekile, lazima ukibadilishe zaidi. Ukikihurumia ukakiacha na upana wake wa zamani, umetunza maiti.

Kijana wangu aliposikia haya akaniuliza swali zuri, na nalikiri kuwa ni zuri: basi umbo ni nguo tu, kama mpini?

Hapana. Hapa ndipo mambo yanakuwa mazito. Umbo la bapa, namna linavyopungua unene kutoka mgongoni kwenda kwenye makali, na kutoka kisiginoni kwenda kwenye ncha, ndilo linaloamua kama kisu kitapita kwenye kitunguu au kitakipasua. Moto unaamua makali yatakaa muda gani, unene unaamua yatakata vipi. Yule mkata samaki alipopoteza vidole viwili vya ncha, ncha mpya ingekuwa nene kama patasi. Hakuiacha hivyo. Alikaa na jiwe, kwa maneno yake mwenyewe, "mwezi mzima, kila jioni baada ya mnada", akaikondesha mpaka ikawa inaingia kwenye mgongo wa samaki bila kusukumwa. Ile ncha ni kazi yake. Ukiniuliza ncha ile ni ya nani, nitakuambia ni ya kwake. Ukiniuliza kisu ni cha nani, ni changu. Sioni mgongano wowote hapo, kama ambavyo jahazi ni la fundi aliyeliunda hata kama tanga limeshonwa na mwingine.

Lakini mtu akichukua kisu changu akakichonga bapa lote upya, pande zote mbili, mgongo mpaka makali? Hapo nasitasita. Moto ni wangu, mkato ni wake. Pale Sakai, mji wa Japani unaosifika kwa visu vya wapishi, hili ni jambo la kila siku: mmoja anafua na kukomaza, mwingine ananoa na kutoa umbo la mwisho, wa tatu anatia mpini, na mara nyingi jina linalochongwa kwenye bapa ni la mfanyabiashara anayekiuza. Kwa hiyo mtu akinijia na kisu cha Sakai akaniambia kimebadilika, si tena cha fulani, namuuliza: kilikuwa cha yupi kati yao?

Wajapani hao wamekaa na swali hili muda mrefu kuliko sisi, kwenye panga za kivita. Panga ndefu za zamani zilipunguzwa karne za baadaye ili zivalike kiunoni, na zilikatwa upande wa msuka, sio wa ncha. Saini ya mhunzi huwa kwenye msuka. Kwa hiyo saini iliondoka pamoja na kipande kilichokatwa. Wakaguzi wa ukoo wa Hon'ami wakawa wanazisoma kwa chuma chenyewe, mikunjo yake na mstari ulioachwa na moto kandokando ya makali, kisha wakitamka ni ya nani jina hutiwa upya kwa dhahabu. Nilipolijua hilo mara ya kwanza nilifurahi mno. Wameikata saini wakabaki na mhunzi.

Furaha hiyo haikudumu, kwa sababu kisa kinachofuata kinanisumbua hadi leo. Ngome ya Osaka ilipoanguka mwaka 1615, panga zilizokuwamo ndani ziliungua. Tokugawa Ieyasu, mtawala aliyeiteka, akampa mhunzi Yasutsugu kazi ya kuzikomaza upya. Mojawapo ni ule unaoitwa Ichigo Hitofuri, kazi ya Yoshimitsu wa ukoo wa Awataguchi, aliyeishi karne kadhaa kabla. Kwa kanuni yangu niliyowaeleza hapo juu, moto wa Yoshimitsu ulizimika Osaka, na upanga ule ni wa Yasutsugu. Wajapani hawasemi hivyo. Wanasema ni wa Yoshimitsu, uliokomazwa upya. Na wakati huohuo, upanga wa kawaida ukijulikana umekomazwa upya hushuka thamani vibaya sana. Jina wanaliacha, thamani wanaipunguza.

Nimelitafakari nikaona walipo na haki kuliko mimi. Yoshimitsu alifua chuma chake mwenyewe, akakikunja, na ile mikunjo ilibaki hata moto ulipoondoka. Mimi springi yangu imetoka kiwandani. Kaboni sikuiweka mimi. Nilichokiongeza ni umbo na moto, basi. Mtu akikiondoa kimoja nabaki kwenye kimoja. Akiviondoa vyote viwili, sioni kilichobaki changu isipokuwa muhuri, na muhuri nimeshausema. Inawezekana basi kwamba jibu la mhunzi wa springi na jibu la mhunzi wa chuma chake mwenyewe si moja, na kwamba miaka yote nimekuwa nikiwapa watu jibu moja.

Kuna na lile la mteja aliyekata kisu changu kirefu akapata viwili vidogo, kila kimoja na mpini wake, akaniuliza kipi ni changu. Alikata taratibu huku akimwagia maji, moto haukuguswa. Nilimjibu vyote viwili. Jibu hilo linafuata kanuni yangu barabara, na bado sijaridhika nalo.

Ninachotaka kijana wangu akiache ni kupima kwa macho. Ukinunua kisu kilichotumika usianze na mpini wala jina. Omba tupa. Uliza kilinolewa wapi, kwa jiwe gani, kwa maji au kikavu. Muuzaji akikasirika, kirudishe mezani.

Cha Feri nilikikaza nolea, nikakipaka mafuta ya nazi msukani, mwenyewe akaondoka nacho. Cha hoteli nimekipima sehemu kwa sehemu. Ulaini umeingia milimita nne, na ukimaliza kuzila zote nne kitakuwa kisu cha kumenyea embe. Kwa hiyo nimekubaliana na mpishi kukitia moto upya. Mpini nimeshaugonga umetoka, bapa nitalikondesha kidogo kabla ya kuzamisha, na nitafanya Jumamosi asubuhi kabla upepo haujaanza. Akaniuliza kama nitagonga muhuri mpya au nitaacha ule wa zamani. Nikamwambia anipe mpaka Jumamosi.