Njia ya shaba ikibanwa kidogo haiungui

Mafundi wengi wa elektroniki hapa Dodoma tulifundishwa hivi: njia ya shaba kwenye bodi ya saketi iwe na upana uleule mwanzo hadi mwisho, maana ukiibana popote, umeme utakwama na bodi itaungulia hapohapo. Si kweli.

Chukua bodi ya kuwashia pampu ndogo ya kumwagilia zabibu, inayopitisha ampea 2. Njia ina upana wa milimita 2, lakini mguu wa chipu unaruhusu milimita 0.3 tu. Basi unaibana kwa urefu wa milimita 2, kisha unaipanua tena. Kwa shaba ya kawaida yenye unene wa mikromita 35, kipande hicho kina ukinzani, yaani uzuiaji wa umeme, wa miliomu 3 na ushee. Volti inayopotea hapo haifiki milivolti 7, na joto ni kama miliwati 13. Tena joto lenyewe halikai: shaba pana ya pande zote mbili hulinyonya.

Kinachounguza ni wembamba ulioambatana na urefu. Njia hiyohiyo ya milimita 0.3 ukiivuta sentimita 10, ukinzani unakuwa mara 50, na hapo shaba iliyo katikati haina jirani mpana wa kuipoza.

Kwa mawimbi ya kasi, kama ya antena au data za USB, upana usibadilishwe ovyo, kwa sababu sehemu ya wimbi hurudi lilikotoka. Labda kanuni yetu ilianzia huko, ikahamia kwenye pampu bila kuulizwa.