Disleksia ya mtu mzima: Kiswahili huificha

Februari, zabibu zikiwa zimejaa barabarani, alikuja dada mmoja wa masijala katika ofisi ya serikali. (Nimebadilisha mambo mawili matatu asitambulike.) "Daktari, mimi ni kilaza niliyebahatika kupata kazi," alianza. Mimi ni mwanasaikolojia, lakini hapa Dodoma ukikaa nyuma ya meza ya hospitali unaitwa daktari. Nimeshazoea.

Nikamwandikia neno moja: hawakushirikishwa. Akaweka kidole chini yake, akaenda silabi kwa silabi, midomo ikicheza. Alifika bila kosa, ila alichelewa. Kisha nikaandika enough. "E-no-u-gi," akasoma, akainamisha kichwa.

Dada huyu ana disleksia, yaani ugumu wa kusoma usiotokana na macho wala upungufu wa akili. Ubongo unapata shida kulichambua neno vipande vya sauti na kuvioanisha haraka na herufi. Kiswahili kinamhurumia mtu wa namna hii kwa kuwa kinaandikwa kinavyotamkwa; ba ni ba popote uikutapo. Akijitahidi atasoma sawasawa, polepole tu, na mwalimu mwenye watoto 80 darasani hataona kitu. Kiingereza hakina huruma hiyo: tough, though na through zinafanana machoni, kila moja na mlio wake. Sasa mfikirie mtoto wa Chamwino anayezungumza Kigogo nyumbani na Kiswahili shuleni, kisha anaingia Kidato cha Kwanza na karibu masomo yote yanageuka Kiingereza. Dada huyu alikuwa kumi bora darasa la saba. Kidato cha Pili alirudia. Nyumbani wakasema ameanza mambo ya wavulana.

(Disleksia na ADHD, yaani tatizo la kutotulia na kushindwa kumakinika, hupenda kuongozana. Yeye hana ADHD, nilimpima.)

Kilichokuwa kikimtesa zaidi ni namba za kumbukumbu za barua. 69 inakuwa 96, jalada linatafutwa mchana kutwa. Ana miaka 38 na kazi inamsubiri mezani, kwa hiyo sikumrudisha kwenye a-e-i-o-u. Tulianza na rula: anaiweka chini ya mstari, anasoma namba mbili mbili kwa sauti, kisha anazihakiki kutoka mwisho kurudi mwanzo. Kwenye kompyuta anakuza herufi na kuziachanisha kidogo. Hilo huwasaidia baadhi ya watu. Miwani ya rangi inayouzwa mtandaoni sijamshauri mtu anunue, ushahidi wake ni mwembamba.

Nikataka pia awe anapiga picha dokezo refu (andiko la ndani ya ofisi), simu imsomee. Akanikatiza: "Nyaraka za ofisi zipigwe picha? Unataka nifukuzwe?" Ushauri wangu wa vitabuni ukafia hapo. Tukakubaliana madokezo marefu ayasome saa moja na nusu asubuhi, kabla watu hawajaanza kugonga dirishani, na maelekezo ya bosi ayaombe kwa mdomo, kisha ayarudie palepale.

Jambo gumu lilikuwa vikao. Miaka yote, akiambiwa asome, simu yake "iliita". Sasa anaomba karatasi siku moja kabla, anazisoma nyumbani mara tatu, watoto wakiwa wamelala.

Juzi alisoma kumbukumbu za kikao kilichopita mbele ya wakuu, ukurasa mmoja na nusu. Aliteleza mara moja, kwenye "yatokanayo". Akarudia, akaendelea.