Bunduki ya kilomita moja si bunduki ya mbogo

Kila msimu wa uwindaji ukikaribia kufunguliwa Julai, naulizwa swali lile lile: "Kaka, ninunue bunduki gani nipige nayo shabaha mita 1,000, na siku nikija kwenye kitalu cha uwindaji niangushe nayo mbogo?" Jibu langu ni bunduki mbili. Kama pesa inatosha moja tu, amua kwanza ni kazi ipi utaifanya zaidi, ununue ya kazi hiyo.

Mwaka mmoja, huko pori la akiba la Rungwa, nilikuwa namwongoza mgeni wa uwindaji mwenye bunduki ya .375 (kipenyo cha risasi kwa inchi) safi kabisa, ila juu yake alikuwa amefunga darubini kubwa ya shabaha. Jana yake alikuwa akijaribu bunduki kambini, akaiacha darubini ikikuza mara kumi na tano. Tulifuata nyayo tangu alfajiri. Kama saa nne hivi mpiga nyayo wetu alipiga goti, akanyoosha kidole bila kusema neno. Dume alikuwa kwenye kivuli cha mninga, hatua kama thelathini. Mgeni akaegemeza bunduki kwenye miti mitatu, yaani fimbo tatu zilizofungwa pamoja juu, akachungulia, akaona weusi mtupu, tena wenye ukungu. Ilikuwa ngozi ya mbogo, lakini hakujua kama ni bega, tumbo au paja. Akawa anautafuta mguu wa mbele, upepo ukageuka, dume akakoroma, mbogo wote wakatimka. Nilishukuru hakufyatua. Mbogo aliyepigwa tumboni huingia kichakani, na anayemfuata humo ni mimi na mpiga nyayo.

Huku kwetu miomboni mbogo anapigwa chini ya mita 100, mara nyingi chini ya 50. Darubini ya kukuza mara moja hadi sita inatosha, na ukiwa unatembea iache kwenye moja. Mfyatuo usiwe mwepesi mno, maana kidole chenye woga hakina subira. Bunduki yenyewe iwe na kilo nne, nne na nusu, kwa sababu utaibeba kilomita kumi na tano kabla ya kuitumia sekunde tatu.

Shabaha ya mbali ni kinyume chake. Pale Bisley, Uingereza, ambako watu wanashindana tangu 1890, mpigaji analala kifudifudi akilenga ubao ulioko yadi 1,000, yaani mita 914. Anataka mtutu mzito usiopinda kwa joto, kitako anachoweza kukirekebisha hadi kilingane na shavu lake, na risasi ndefu, nyembamba, inayopenya hewa bila kupoteza mwendo. Chukua bunduki ya 6.5 Creedmoor, ambayo wapigaji wengi wa siku hizi wanaipenda. Risasi yake ya gramu 9 hutoka mtutuni kwa mita 820 kwa sekunde. Ukiwa umeiweka sawa kwa mita 100, ikifika mita 1,000 imeshuka karibu mita 10, na upepo wa ubavuni wa mita 4 tu kwa sekunde umeisukuma pembeni zaidi ya mita moja na nusu. Muda wote huo imekuwa angani zaidi ya sekunde moja na nusu. Ubao utakungoja. Mnyama kama pofu hupiga hatua moja, na pale ulipolenga bega pakawa tumbo. Ndiyo maana sikubali mgeni ampige mnyama kwa umbali huo, hata awe bingwa wa nchi yake.

Halafu kuna risasi yenyewe, jambo ambalo wanunuzi wengi hawaulizi. Risasi ya shabaha ina ganda jembamba. Kazi yake ni kutoboa karatasi. Ikikutana na mfupa wa bega la mbogo hupasuka vipande kabla ya kufika moyoni. Ya kuwindia mbogo lazima ijengwe kushikamana: risasi laini inayotanuka polepole, au ngumu isiyotanuka kabisa. Sheria za Tanzania zinataka angalau .375 kwa wanyama hatari, na hapo sheria imesema kweli. .375 ya Holland & Holland ilitoka mwaka 1912, na mpaka leo ndiyo ninayompendekezea anayeanza. Inatupa gramu 19 kwa takriban mita 760 kwa sekunde. .416 Rigby ina nguvu zaidi, lakini na teke lake begani ni zaidi.

Mtu ataniambia habari za Bell, yule mwindaji Mskoti wa Karamoja, Uganda, aliyeua tembo zaidi ya elfu moja, wengi wao kwa Mauser ya milimita 7. Ni kweli. Lakini alitumia risasi ngumu, alipiga ubongo, na alijua umbo la fuvu la tembo kama fundi anavyojua injini. Nawe unakuja kwa siku kumi.

Hilo la teke nalitilia mkazo. Nimeona wengi wakinunua .458 kwa fahari, kisha wakafumba macho kabla ya mlio. .375 inayopigwa macho wazi inaua vizuri kuliko .458 inayoogopwa. Na utafute bunduki ambayo boliti yake, chuma kinachosukuma risasi mtutuni, hushika kitako cha risasi tangu inapotoka kwenye sanduku la risasi la bunduki, kama Mauser ya 1898. Ukibabaika katikati ya kupakia, haitasukuma risasi ya pili juu ya ya kwanza ikakwama.

Ukiwa dukani, hakikisha haina risasi, elekeza mtutu pasipo na mtu, fumba macho, ipandishe begani, kisha fumbua. Kama jicho halipo katikati ya darubini, kitako hicho si chako. Irudishe, ujaribu nyingine. Ukishaipata, piga risasi mia ukiwa umesimama, kwenye miti mitatu, mita 50. Nitakuuliza kuhusu hizo mia siku utakaposhuka kwenye ndege.