Umbo la bara na mvua: kwa nini Turkana ni kukavu na Kongo kuna msitu

Lodwar na Mbandaka zote ziko karibu na Ikweta, na jua linazipiga karibu sawasawa. Lakini Mbandaka, mji wa Kongo ulio kando ya mto, hupata zaidi ya milimita 1,500 za mvua kwa mwaka, na Lodwar, mji wa Turkana kaskazini mwa Kenya, huambulia takribani milimita 200. Jua lingekuwa ndilo pekee linalopanga tabianchi, wafugaji wa Turkana wangekuwa wanaishi msituni. Kinachowatofautisha na ndugu zao wa Kongo, kwa sehemu kubwa, ni umbo la bara lenyewe.

Tunaposema umbo la bara hapa, hatusemi ule mstari wa pwani tu ambao mwanafunzi huuchora darasani. Tunasema pia bara lina upana gani, pwani yake imeelekea wapi, milima imesimama upande upi, na kati ya mlima na mlima kuna mapengo gani. Badilisha kimojawapo na upepo utabadili njia. Upepo ukibadili njia, mvuke wa baharini nao unahamia kwingine.

Mvuke pekee hauleti mvua. Lazima hewa yenye unyevu ipande juu, ipoe, ndipo mawingu yajengeke na kumwaga. Inaweza kupandishwa na mlima, au na joto la ardhi, au kwa kukutana na upepo mwingine. Hewa inayoteremka, au inayopita tambarare kwa kasi bila kupanda, inaweza kuwa imejaa unyevu tele na bado isiache hata tone.

Chukua pwani ya Ghana. Axim, upande wa magharibi, hupata kama milimita 2,000 kwa mwaka. Accra, mji mkuu, iko pwani hiyohiyo, safari ya nusu siku tu kwa gari, na hupata karibu milimita 800. Bahari ni ileile na upepo ni uleule wa kusini-magharibi. Ila baada ya rasi iitwayo Cape Three Points, pwani inapinda kuelekea kaskazini-mashariki. Kabla ya hapo upepo unaingia nchi kavu moja kwa moja. Baada ya hapo unatembea sambamba na ufuko kama mtu anayepita kando ya ua bila kuingia. Tena katika miezi ya Julai hadi Septemba maji baridi hupanda kutoka chini ya bahari, na hewa iliyopoa haina nguvu ya kupanda. Ndiyo maana kati ya misitu ya magharibi mwa Ghana na ile ya Nigeria kuna pengo la nyika linalofika hadi baharini. Kona moja tu ya pwani imesababisha yote hayo, ikisaidiwa na bahari yenyewe.

Sasa rudi kwetu. Pwani ya Somalia imelala kutoka kusini-magharibi kwenda kaskazini-mashariki, na Kusi la Juni hadi Agosti linavuma kuelekea hukohuko. Manahodha wa majahazi walilijua jambo hili kwa karne nyingi: Kusi liliwasukuma hadi Arabuni, na lilipopamba moto wengi walikaa bandarini. Kwa mkulima, upepo unaokwenda sambamba na pwani ni upepo unaopita na maji yake. Unasukuma pia maji ya juu ya bahari mbali na ufuko, na maji baridi yenye rutuba yanapanda kuchukua nafasi. Samaki wananufaika, ardhi inazidi kukauka. Pwani hiyo ingekuwa imeelekea kusini, kama ile ya Ghuba ya Guinea, Kusi lingeipiga uso kwa uso, na Pembe ya Afrika tungeihadithia kwa maneno mengine kabisa.

Kisha kuna milima. Nyanda za juu za Ethiopia na za Kenya zinasimama kama ukuta mrefu, na Kusi likizifikia linapindishwa kwenda kaskazini, linabanwa, linaongeza kasi. Wanasayansi wanaweza kujenga bara hili ndani ya kompyuta, kufyeka milima yake, halafu kuuachia upepo uvume. Milima ikiondolewa, ule upepo mkali wa pwani ya Somalia unadhoofika na kutawanyika.

Ukuta huo una mlango. Kati ya nyanda za Ethiopia na za Kenya kuna pengo la Turkana, ambamo upepo wa kusini-mashariki hubanwa na kutoka kwa nguvu mwaka mzima. Watafiti Kinuthia na Asnani ndio walioueleza upepo huo kitaalamu mwaka 1982. Leo, karibu na Loiyangalani, kuna mitambo 365 ya kufua umeme kwa upepo huohuo. Hewa inayopita hapo imetoka Bahari ya Hindi na ina unyevu wake. Inapita chini kwa kasi, haipandi, na Lodwar inabaki kuiangalia ikienda zake.

Inakwenda wapi? Mwaka 2023 jarida la Nature lilichapisha utafiti ambao kwangu ndio unaoeleza dhana hii vizuri kuliko yote. Watafiti waliyaziba kwenye kompyuta mabonde yanayokata nyanda za juu za Afrika Mashariki kutoka mashariki kwenda magharibi, likiwamo la Turkana. Mabonde yalipozibwa, mvua ya Afrika Mashariki iliongezeka na ya bonde la Kongo ikapungua. Kumbe sehemu ya maji yanayolisha ule msitu mkubwa hupitia milangoni mwetu. Ndiyo sababu naona ni kosa kuuliza tu kama badiliko fulani la umbo la bara "lingeleta mvua". Mara nyingi linaihamisha, na kuna jirani anayeikosa.

Upana wa bara nao una kazi yake. Bahari hupata joto polepole na kupoa polepole, ndiyo maana Unguja haijui baridi kali. Kadiri unavyoingia ndani ya bara kubwa, ndivyo msaada huo unavyopotea. Verkhoyansk, Siberia, imewahi kushuka hadi nyuzi 67.8 chini ya sifuri na kupanda hadi nyuzi 38 juu yake. Pangaea, bara moja lililokusanya karibu nchi kavu yote ya dunia kabla ya kuanza kuvunjika kama miaka milioni 200 iliyopita, lilikuwa na eneo kubwa la ndani lenye ukame.

Afrika yenyewe inapasuka. Mwaka 2005, huko Afar nchini Ethiopia, ufa wa kama kilomita 60 ulifunguka kwa muda mfupi sana, na baada ya mamilioni ya miaka bahari inaweza kuingia Bonde la Ufa. Wengi wakisikia hivyo wanadhani Turkana itakuwa ya kijani, maana itakuwa na bahari mlangoni. Waitazame Bahari ya Shamu, ambayo nayo ilizaliwa kwa bara kupasuka. Jeddah iko ufukweni kabisa, maji yake ni ya moto na yanatoa mvuke mwingi, lakini mvua ya mwaka mzima haifiki milimita 100, kwa sababu hewa ya juu yake kwa kawaida inashuka. Ghuba mpya ya Turkana, ikitokea, itakuwa na mvuke wa kutosha. Kama nyanda za juu za pande zote mbili bado zitakuwa zimesimama, upepo utaendelea kubanwa katikati yake na kuubeba mvuke huo kuelekea Sudan Kusini na Kongo.