Je, wajua? Zamani, mtu aliyetafakari Neno alisikika

Filipo alijuaje?

Ni kisa cha Matendo ya Mitume sura ya 8. Filipo ametumwa kwenye barabara ya kutoka Yerusalemu kwenda Gaza. Huko anakuta gari, na ndani yake ameketi mtunza hazina wa Kandake, malkia wa Waethiopia, anarudi kwao baada ya kuhiji. Mstari wa 30 unasema: "Basi Filipo akaenda mbio, akamsikia anasoma chuo cha nabii Isaya, akanena, Je! Yamekuelea haya unayosoma?" (Chuo, kwa Kiswahili cha wazee wetu, ni kitabu.)

Akamsikia. Hakumwona ameinamia kitabu akabahatisha kuwa ni Isaya. Yule bwana hakuwa akiongoza ibada, alikuwa safarini, anajisomea mambo yake. Hata hivyo sauti ilitoka, tena ya kutosha kumfikia mtu anayekimbia kando ya gari, naye akatambua ni nabii gani. Angesoma kama tusomavyo wengi wetu leo, mdomo umefungwa na macho yanateleza, Filipo asingekuwa na la kuuliza.

Nimeusoma mstari huo miaka mingi bila kuona kitu. Siku nilipouona, ikanibidi nirudi kwenye mstari mwingine niliodhani naujua, ule wa Zaburi ya 1: "Bali sheria ya BWANA ndiyo impendezayo, na sheria yake huitafakari mchana na usiku." Kwa sisi, kutafakari ni jambo la kichwani. Neno lenyewe tumelipata kutoka Kiarabu, na huko linahusu kufikiri. Ukiambiwa mtu anatafakari, unamwona amekaa kimya, kidole shavuni, macho mbali.

Mwandishi wa zaburi hakuwa na picha hiyo. Kitenzi alichotumia kwa Kiebrania ni haga, na haga ina sauti ndani yake. Ukitaka kujua ni sauti gani, mfuate Isaya, maana yeye analitumia neno hilohilo kwa wanyama. Katika sura ya 31, simba amekamata mawindo, wachungaji wamekusanyika wanampigia kelele, naye haondoki, anayangurumia mawindo yake. Huko kunguruma ni haga. Katika sura ya 38, mfalme Hezekia akisimulia ugonjwa wake anasema, "Naliomboleza kama hua." Huko kuomboleza kwa hua, ile sauti ya chini ya kifuani inayojirudia, nako ni haga.

Kwa hiyo yule mwenye heri wa Zaburi ya 1 ana mlio. Kinywa chake kinatembea, maneno yanatoka kwa sauti ya chini, yanarudi, yanatoka tena. Kiswahili kina neno linalokaribia hapo kuliko kutafakari: kumumunya. Pipi humumunywa, haitafunwi haraka ikaisha. Inazungushwa mdomoni, utamu unatoka kidogo kidogo.

Sasa geuza ukurasa uone Zaburi ya 2 inavyoanza: "Mbona mataifa wanafanya ghasia, na makabila wanatafakari ubatili?" Ni haga ileile. Wanaopanga njama dhidi ya Bwana nao wananong'ona, nao wanarudiarudia yao. Zaburi hizi mbili zimewekwa mlangoni mwa kitabu, na ukizisoma pamoja unaona kwamba hakuna aliyenyamaza kabisa. Kila mtu ana kitu anachokimumunya.

Joshua naye alipokabidhiwa uongozi baada ya Musa aliambiwa hivi: "Kitabu hiki cha torati kisiondoke kinywani mwako, bali yatafakari maneno yake mchana na usiku." Wengi tumeupita mstari huu bila kushangaa kwa nini kitabu kinakaa kinywani badala ya machoni au mkononi. Ukijua haga ni nini, sentensi inanyooka yenyewe. Hata kitenzi cha Kiebrania cha kusoma, kara, ndicho pia cha kuita, na kutoka humo Wayahudi wakayaita Maandiko Mikra, yaani kitu kinachosomwa kwa kuitwa.

Kwa nini basi ilikuwa hivyo?

Sababu ya kwanza ni maandishi yenyewe. Kiebrania cha kale kiliandikwa kwa konsonanti, bila alama za irabu. Irabu zilitiwa baadaye sana, kati ya karne ya 7 na ya 10 hivi, na wataalamu wa Kiyahudi wanaoitwa Wamasoreti. Jaribu mwenyewe: bwn ndy mchngj wng. Umesoma? Na kama umesoma, ni kwa sababu midomo yako imejaribu sauti, au kwa sababu tayari unaijua zaburi kwa moyo. Kigiriki cha Agano Jipya kilikuwa na irabu, lakini maneno yaliandikwa yakiwa yameshikana: HAPOMWANZOKULIKUWAKONENO. Jicho peke yake linapotea humo, sikio ndilo linalojua neno limeishia wapi. Desturi ya kuacha nafasi kati ya neno na neno katika vitabu vya Kilatini ilishika mizizi kwa watawa wa Ireland, karne ya 7 na ya 8.

Sababu ya pili ni kwamba vitabu vilikuwa adimu na vigumu kubeba. Gombo la Isaya lililopatikana Qumran, karibu na Bahari ya Chumvi, mwaka 1947, lina urefu wa zaidi ya mita 7, vipande 17 vya ngozi vilivyoshonwa pamoja. Hicho ni kitabu kimoja tu. Ndiyo maana Ufunuo unaanza kwa kusema, "Heri asomaye na wao wayasikiao." Asomaye ni mmoja, wayasikiao ni wengi.

Si kwamba hakuna aliyejua kusoma kimya. Wapo waliojua. Ila kwa baadhi ya watu ilikuwa jambo la kutazamwa. Agostino, mwalimu kutoka Afrika Kaskazini aliyefika Milano mwaka 384, anasimulia jinsi walivyomkuta askofu Ambrosi akisoma: macho yanapita kwenye kurasa, moyo unachunguza maana, sauti na ulimi vimetulia. Wageni wakakaa wanamtazama, wakijiuliza sababu. Pengine anaihifadhi sauti yake, wakasema. Na kanuni ambayo Benedikto aliwaandikia watawa katika karne ya 6 inampa mtawa ruhusa ya kusoma wakati wa mapumziko ya mchana, kwa sharti moja: asome bila kuwasumbua wenzake. Huwezi kumsumbua aliyelala kwa kusoma kimya.

Ila kisa ninachokipenda kuliko vyote ni cha Hana, katika 1 Samweli 1. Ana uchungu wa kukosa mtoto, anaomba hekaluni, midomo inatikisika lakini sauti haisikiki. Kuhani Eli anamtazama, anahitimisha kwamba mama huyu amelewa. Hapo ndipo unapoona kusema na Mungu bila sauti kulivyokuwa kitu kigeni.

Tuseme sasa kuhusu ukaribu, maana hapo ndipo jambo hili linamgusa mtu wa leo anayetaka kumjua Mungu, si historia ya vitabu tu. Kumbukumbu la Torati 30:14 inasema: "Lakini neno li karibu nawe sana, li katika kinywa chako na moyo wako, upate kulifanya." Angalia mpangilio: kinywa, moyo, kutenda. Sisi tumezoea kuanzia kichwani, kisha tunalalamika kwamba halishuki. Torati inalianzishia mdomoni.

Chukua Zaburi ya 23, ambayo pengine unaijua tangu utotoni, na uisome kwa sauti yako mwenyewe, pole pole. "BWANA ndiye mchungaji wangu." Kiswahili hakikusema "ni mchungaji". Kimesema ndiye, na ukilitamka huwezi kulipita bila kulikanyagia: yeye, wala si mwingine. Kisha, "Sitapungukiwa na kitu." Neno refu hilo, silabi sita, haliwezi kuharakishwa. Endelea. Hunilaza, huniongoza, hunihuisha. Mpaka hapo unamsimulia Mungu, kama mtu anayemsifu baba yake mbele ya wageni. Unafika mstari wa 4, bonde la uvuli wa mauti, na hapo kinywa chako kinatamka: "Kwa maana Wewe upo pamoja nami."

Wewe! Katikati ya bonde, zaburi imeacha kusema habari zake, imemgeukia. Msomaji wa kimya anaweza kupita hapo asitambue kilichotokea. Anayesoma kwa sauti ameshamwita Mungu "Wewe" kabla hajaamua kuomba. Kusoma kumegeuka sala, na hakuna aliyetangaza "na sasa tuombe".

Watawa wa zamani waliijua njia hiyo. Huko Misri, katika karne ya 4, monasteri zilizoanzishwa na mtawa Pakomi zilimtaka kila mtawa ajifunze kwa moyo angalau Zaburi na Agano Jipya, na walikariri huku mikono ikisuka mikeka. Karne ya 12, mtawa mmoja wa Ufaransa, Guigo wa Pili, alilieleza kwa mfano wa chakula: kusoma ni kutia tonge kinywani, kutafakari ni kulitafuna, kuomba ni kupata ladha yake, na kutulia mbele za Mungu ndio utamu wenyewe. Wengine walipenda zaidi mfano wa kucheua, kama afanyavyo ng'ombe: kile alichokula asubuhi anakirudisha jioni, amelala chini, hana haraka.

Sayansi nayo ina neno moja la kuchangia. Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Waterloo, Kanada, walionyesha kwamba maneno yanayotamkwa kwa sauti hukumbukwa vizuri kuliko yanayosomwa kimya, na uchunguzi wao wa baadaye ukakuta kwamba kujisikia mwenyewe ukisoma kunasaidia kuliko kumsikia mtu mwingine akikusomea. Musa asingeshangaa.

Ona pia jangwani, Yesu alipojaribiwa. Mara tatu anajibu "Imeandikwa", na majibu yote matatu yanatoka Kumbukumbu la Torati, sura ya 6 na ya 8. Injili haisemi kwamba alikuwa na gombo mkononi. Na msalabani, pumzi ikiwa imebaki kidogo, yaliyotoka kinywani ni maneno ya Zaburi ya 22 na ya 31. Mtu hatafuti ukurasa katika hali ile. Kinachotoka ni kile kilichokuwa mdomoni siku zote.

Kuna tahadhari mbili. Yesu alisema katika Mathayo 6, "msipayuke-payuke, kama watu wa Mataifa", ambao hudhani watasikiwa kwa wingi wa maneno. Kumumunya Neno si kuhesabu marudio, wala sauti haimlazimishi Mungu kitu. Ya pili ni hii: ule mstari wa Joshua umepata umaarufu mkubwa kwa sababu unamalizikia kwenye kufanikiwa, na nimesikia mahubiri yanayoruka kutoka "kinywani" moja kwa moja hadi "utakapoifanikisha njia yako". Katikati kuna maneno "upate kuangalia kutenda sawasawa na maneno yote yaliyoandikwa humo". Hayo hayarukwi.

Kwa vitendo, jambo lenyewe ni dogo kuliko linavyosikika. Biblia ina sura 1,189, na anayetaka kuimaliza kwa mwaka anahitaji tatu au nne kila siku. Mpango huo ni mzuri na siupingi, ila mara nyingi nimeweka alama ya "nimesoma" na kufika saa nne sikumbuki ni nini. Sasa nafanya yote mawili kwa nyakati tofauti. Sura nazisoma kwa macho, nijue habari inakwenda wapi. Kisha nachagua mstari mmoja, nausoma kwa sauti mara tatu nne, kila mara nikiegemea neno tofauti, na huo ndio natembea nao. Kama nyumba imejaa watu, nafuata sharti la Benedikto: midomo inatosha. Eli hayupo wa kunidhania nimelewa, au kama yupo, atauliza.

Na ule usiku wa Zaburi ya 1, walifanyaje? Watu hawakukesha na taa wakifunua magombo ya mita 7. Zaburi ya 63 inatuonyesha: "Ninapokukumbuka kitandani mwangu, nakutafakari Wewe makesha yote ya usiku." Ni haga tena. Giza limeingia, kitabu kiko mbali, na kutoka kitandani inasikika sauti ya chini, kama ya hua.